Kompyuta Yenye Nafasi Iko Wapi?

Haya watoto, sogeeni niwasimulie jinsi kompyuta zinavyotafutana.

Miaka ya 1980, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kompyuta nyingi zilikaa bure wenyewe wakiwa hawapo, huku nyingine zikielemewa na hesabu. Watafiti wakatengeneza programu iitwayo Condor. Mwenye kompyuta akiondoka, Condor iliipa kompyuta yake kazi ya mtu mwingine. Akirudi na kugusa kibodi, kazi ile ilisimama, na ikibidi ikahamishiwa kwingine.

Lakini Condor ilikuwa na kompyuta moja ya kuratibu, iliyojua nani ana nafasi. Je, kompyuta zikiwa milioni, zimetapakaa duniani na hazina mkubwa wao, utamuuliza nani?

Mwaka 2000 ulitokea mtandao wa Gnutella, wa kutafutia mafaili. Wenyewe ulipiga mbiu ya mgambo: kompyuta iliuliza majirani, nao wakauliza majirani zao, na kuendelea. Majibu yalipatikana, ila maswali yalifurika hadi yakaziba njia.

Mwaka 2001, watafiti wa chuo cha MIT walileta Chord. Humo kompyuta hupangwa kwa namba kwenye duara. Chukueni duara la kompyuta 64. Kila moja inajua anwani sita tu: za zilizo mbele yake kwa nafasi 1, 2, 4, 8, 16 na 32. Kompyuta 0 inaitafuta 45. Swali linaruka nafasi 32, kisha 8, likafika 40. Linaruka 4, kisha 1. Limefika, kwa hatua nne! Hata zikiwa milioni moja, hatua kama 20 zinatosha.

Sasa kompyuta yenye nafasi hutoa tangazo: "Nina kumbukumbu ya gigabaiti 8, njooni muitumie." Kanuni inayojulikana na wote huligeuza tangazo la aina hiyo kuwa namba, na namba huonyesha litunzwe wapi. Mwenye shida hupiga hesabu ileile, akafika palepale. Tangazo lisiporudiwa kwa wakati hufutwa, maana kompyuta iliyokuwa na nafasi asubuhi huenda mchana imezimwa.

Hapa hakuna anayejua yote, wala hahitajiki. Kila mmoja akitunza vyema anwani zake chache, wote wanafikiana.

Chukueni penseli, mchore duara lenu, mtoke 0 mwende 63. Popote mtakapokwenda humo, hatua hazitazidi sita.