Paneli za milango ya Beetle zimevimba? Tafuta kwanza maji yanakopita

Volkswagen Beetle ya mwisho ya umbo lile la zamani ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka 2003. Huku kwetu gari hili lina heshima yake, maana lilishinda hadi Safari Rally mwaka 1962, na wapo watu wanaoendelea kulitunza.

Bodi ikioza, inachomelewa. Injini ikichoka, inafunguliwa. Shida inayowashinda wengi iko ndani, kwenye paneli za milango. Chini zimevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai, leksini imeachia na klipu hazishiki tena. Ukifunga mlango, paneli inagonga taka taka.

Wengi hukimbilia kuzing'oa na kutengeneza mpya. Subiri kidogo.

Zimetengenezwa na nini?

Chini ya leksini kuna hadibodi, ubao mwembamba wa karibu milimita 3. Si mbao ya kupasuliwa. Ni nyuzi za mti zilizosagwa, zikatandazwa, kisha zikabanwa kwa joto kali mpaka zikashikana. Ikiwa kavu ni ngumu na nyepesi, tena inakubali kupinda kidogo kufuata umbo la mlango. Ndiyo maana viwanda vingi vya magari viliipenda.

Udhaifu wake ni maji. Nyuzi zikinywa maji zinavimba na kuachana, na hata zikikauka hazirudi zilivyokuwa. Masika moja, mbili, ukingo wa chini unakuwa laini kama boksi la karatasi lililonyeshewa.

Maji yanatoka wapi?

Hapa ndipo wengi tunakosea. Tunadhani mvua imeingia dirishani, kumbe maji yako ndani ya mlango wenyewe.

Kila mvua inaponyesha, maji hutelemka kwenye kioo. Ule mpira unaokumbatia kioo kwa nje ukikauka na kupasuka, maji mengi yanapita na kudondoka ndani ya mlango. Waliounda gari walilijua hilo, kwa hiyo chini ya mlango waliacha matundu ya kutolea maji. Na kati ya chuma na paneli waliweka karatasi ya kuzuia unyevu.

Matundu yakizibwa na vumbi na majani, maji yanakaa. Karatasi ikichanika, hadibodi inayanywa.

Mimi mwenyewe nililipia ujinga huu. Fundi wa viti alinitengenezea paneli mbili mpya, safi kabisa. Masika ya kwanza tu, zikavimba. Ile karatasi ya nyuma nilikuwa nimeing'oa mwenyewe na kuitupa, nikidhani ni uchafu.

Kutoa paneli bila kuiua

Toa kwanza mkono wa kupandishia kioo, kishikio cha kuvutia mlango na urembo wa kitasa. Kwenye Beetle za zamani zaidi mkono wa kioo umeshikiliwa na pini, unaisukuma itoke. Kwenye zilizofuata kuna skrubu iliyofichwa chini ya kifuniko cha plastiki. Usivute kwa nguvu kabla hujajua yako ni ipi.

Kisha ingiza bisibisi bapa, umeifunga kitambaa, karibu kabisa na klipu. Achia klipu moja moja. Ukivuta katikati ya klipu mbili, hadibodi iliyochoka itabaki na tundu kubwa na klipu itabaki mlangoni.

Ilaze paneli bapa sehemu yenye kivuli na upepo, siku kadhaa, na kitu kizito juu. Usianike juani ikiwa imelowa, itajipinda kama kigae. Wakati inakauka, shughulikia mlango: zibua matundu kwa waya, mwaga kikombe cha maji ndani uone kama yanatoka chini, na badilisha mpira wa kioo kama umekufa.

Ipi inaokoka, ipi haiokoki?

Ibonyeze kwa kidole. Kama katikati ni ngumu na ukingo tu ndio umeachana, inaokoka. Paka gundi ya mbao kati ya tabaka zilizofunguka, funika kwa nailoni ili gundi isinate, kisha banisha kati ya vipande viwili vya ubao hadi kesho yake.

Tundu la klipu likichanika, kata kipande kidogo cha hadibodi nyembamba au bati jepesi, kigandishe kwa nyuma, halafu toboa upya. Mahali penyewe pawe sawasawa na tundu la mlangoni. Kosa la milimita 3 tu na klipu haiingii.

Kama ukingo wa chini umeoza kabisa lakini juu ni pazima, usibadilishe paneli nzima. Leksini ya kiwandani mistari yake ilichomelewa kwa joto pamoja na kilicho chini yake. Ukiibandua yote, mistari inachanika, na fundi wa mtaani hawezi kuirudisha ilivyokuwa. Kwa hiyo fungua pindo la chini pekee, kata hadibodi iliyooza kwa mstari ulionyooka, weka kipande kipya cha unene uleule, na unganisha kwa kipande chembamba cha nyuma. Kabla ya kugandisha, hakikisha hicho cha nyuma hakigusi chuma cha mlango.

Ikiwa imelainika yote au ina ukungu mweusi uliopenya, hiyo imekwisha. Lakini usiitupe, ndiyo kipimo chako. Ilaze juu ya hadibodi mpya, chora, toboa kila tundu.

Usikubali ubao mnene eti ndio imara. Klipu hazitafika na mkono wa kioo utakwaruza leksini. Hata MDF nyembamba siipendekezi, inakunywa maji vibaya zaidi. Plaiwudi ya majini ya milimita 3, ukiipata, ni nzuri sana.

Vanishi ndiyo kinga

Paka vanishi pande zote mbili, kingo zote na ndani ya kila tundu, mara mbili au tatu. Ukipaka upande mmja tu, ule mwingine utavuta unyevu peke yake na paneli itapinda. Kwa wakazi wa pwani, Mombasa, Tanga, Unguja, hili si la hiari. Hewa yenyewe imelowa.

Leksini ya pindo irudishe kwa gundi ya viatu, lakini ijaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana, kuna gundi zinazoyeyusha leksini ya zamani. Ipashe joto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele ili ivutike, maana miaka mingi imeifanya isinyae.

Mwisho kabisa, kabla ya klipu ya kwanza kuingia, bandika nailoni nzito kwenye chuma cha mlango. Ukingo wake wa chini uchomeke ndani ya mlango, kwenye uwazi wa chini, ili tone lolote litelemke kurudi ndani na kutokea matunduni. Ukiuacha ukining'inia nje ya chuma, maji yote yatamwagika juu ya paneli uliyotoka kuitengeneza.