Mzio, Urithi na Sumu: Utangulizi

Kitai ndipo barabara itokayo Songea kwenda Mbinga inapochepuka kuelekea Lituhi, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Mahindi na maharage ya nyanda za juu za Umatengo hushuka kwa njia hiyo. Usipa na muhogo hupanda. Mtu akila kimojawapo akaumwa, jibu huwa jepesi: "Ana aleji." Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine jibu hilo humnyima mtoto chakula asichostahili kunyimwa, au humwacha aendelee kula kinachomuua. Karibu, msomaji, tujifunze kutofautisha.

Chakula humdhuru mtu kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni mzio, yaani aleji ya kweli. Hapa kinga ya mwili huipokea protini ya samaki, karanga au yai kama adui. Katika mzio wa haraka, kingamwili za aina ya IgE huamsha seli, na ndani ya dakika chache hadi saa mbili midomo huvimba, vipele huwasha, pumzi hubana. Kiasi hakina udogo: mchuzi tu hutosha. Kumkaanga samaki hakusaidii sana, kwa sababu protini yake kuu ya mzio huvumilia moto. Anayebanwa pumzi anahitaji sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, upesi.

Njia ya pili ni kasoro ya kurithi. Mwaka 1902 daktari Mwingereza Archibald Garrod alionyesha kwamba ugonjwa unaogeuza mkojo kuwa mweusi hufuata kanuni za urithi. Kasoro ya namna hii huwa katika kimeng'enya, kinachofanya kazi mwilini kama mashine ya kusaga: ikiharibika, magunia hurundikana mlangoni na unga haupatikani. Kinachorundikana mwilini huharibu ini, ubongo au figo, na huhitaji muda na wingi. Kinga ya mwili haihusiki. Magonjwa mengi ya kundi hili hutokea pale baba na mama, wote wazima, wanapobeba kila mmoja nakala moja ya jeni yenye hitilafu. Kila mimba yao ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa.

Maziwa ndiyo mwalimu bora wa tofauti hizi. Mtoto mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe huumizwa na protini yake. Kwa kawaida huendelea kunyonya kwa mama. Mtoto mwenye galaktosemia, ugonjwa adimu, hawezi kuitumia sukari iitwayo galaktosi, iliyomo hata katika maziwa ya mama. Siku chache baada ya kuzaliwa hutapika, huwa na manjano, hudhoofika. Kwake kunyonya ni hatari. Mtu mzima anayejaa gesi na kuharisha baada ya kikombe cha maziwa ni habari nyingine kabisa: kimeng'enya cha laktosi kimepungua baada ya utoto, kama kinavyopungua kwa watu wengi duniani. Utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff, uliochapishwa mwaka 2007 na kuhusisha watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, uligundua mabadiliko ya jeni yanayowawezesha wafugaji wengi wa kwetu kunywa maziwa maisha yote.

Njia ya tatu ni sumu iliyomo ndani ya chakula chenyewe, na Mbinga inaifahamu. Mwaka 2001–2002, wilaya hiyo ilipokuwa bado inafika hadi ziwani, ilizuka konzo: miguu yote miwili hukakamaa ghafla, na ulemavu hubaki. Ndugu wa nyumba moja huweza kuugua pamoja, na mtu angedhani ni urithi. Chanzo ni sianidi ya muhogo mchungu, ambayo huzidi wakati wa ukame, pale watu wanapofupisha utayarishaji na lishe ikiwa duni. Dawa ya kinga ni rahisi: unga wa muhogo hulowanishwa kwa maji, hutandazwa wembamba, na kuachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu ikatoka kama gesi.

Kwa hiyo kabla ya kutaja jina la ugonjwa, uliza maswali manne. Dalili zilianza muda gani baada ya kula? Zilihitaji kiasi gani cha chakula? Nani mwingine alikula sufuria hiyo hiyo, naye yu hali gani? Je, familia imewahi kupoteza mtoto mchanga bila sababu kujulikana? Vipimo husaidia, lakini hata maabara bora huanza na majibu haya.

Wewe mhudumu wa afya wa kijiji, mzazi au mwanafunzi, yaandike majibu hayo na uyapeleke hospitali pamoja na mgonjwa. Usimwondolee mtoto chakula kwa kubahatisha; na mtoto mchanga anayetapika na kuwa na manjano, usimsubirishe.