Ubishi juu ya Mbinu ya Kutangulia: Filbert Bayi wa Karatu

Kila shindano lina mbinu ambayo sheria haikuikataza, lakini wanaoshindwa kwayo huinung'unikia. Wacheza bao wanazo zao, mabondia wanazo zao, na vijana wa siku hizi wanaopigana kwa picha kwenye mashine za michezo hubishana usiku kucha juu ya pigo lililo halali lakini halina haya. Katika mbio za mita 1500 mbinu hiyo ni kutangulia, yaani kushika mbele tangu bastola ilie na kutoiachia nafasi hiyo mpaka kwenye utepe. Aliyeifanya isemwe dunia nzima ni Filbert Bayi, aliyezaliwa Karatu mwaka 1953.

Karatu, ambayo zamani hizo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu, iko kwenye barabara itokayo Mto wa Mbu na kupanda mpaka Ngorongoro. Mji wenyewe uko kwenye kimo cha kama mita 1500 juu ya bahari, na ukingo wa kreta hupita mita 2200. Hewa ya huko ni nyembamba, na mtoto akuaye akikimbia katika hewa ya namna hiyo hupata damu na mapafu yaliyozoea shida. Lakini jambo hilo laeleza nguvu tu, halielezi mbinu. Wako wakimbiaji wengi waliotoka nyanda za juu na ambao walipenda kujificha nyuma ya wenzao.

Nao walikuwa na sababu. Atanguliaye hupasua upepo kwa ajili ya wote wamfuatao. Mwaka 1971 mtaalamu Pugh wa Uingereza alieleza kwamba mtu akimbiaye mita moja nyuma ya mwenzake, kwa mwendo wa mbio za kati, hutumia oksijeni pungufu kwa kiasi cha asilimia 6.5. Zaidi ya hayo, aliye nyuma humwona adui yake, na aliye mbele hasikii ila vishindo vya miguu. Ndiyo maana wakimbiaji wengi walilea nguvu zao mpaka mzunguko wa mwisho, wakaitoa yote hapo kwa ghafula. Kwa macho yao, atanguliaye ni mtu asiyejua hesabu. Mswahili angemwambia kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Na sakafu inayotajwa hapo ni dari ya nyumba ya mawe ya pwani, ambako mtoto akimbiaye hukomeshwa na ukuta mfupi wa pembeni, kama ana bahati.

Hata hivyo, kutangulia kuna faida zake, nazo hupimika. Njia moja ya uwanjani ina upana wa mita 1.22. Akimbiaye kona nzima kwenye njia ya pili badala ya ya kwanza huongeza takriban mita 3.8 katika safari yake. Aliye mbele hana haja ya kuzunguka mtu, hasukumwi kwa viwiko, wala hakanyagwi visigino.

Wala wazo lenyewe la kuchosha watu mapema halikuanza na Bayi. Huko Mexico mwaka 1968, Ben Jipcho wa Kenya aliharakisha mwendo tangu mwanzo ili Kipchoge Keino apate kumshinda Jim Ryun wa Marekani, na Keino akashinda kwa umbali mkubwa. Wako waliosema kwamba hapo watu wawili walimkimbia mmoja. Bayi hakuwa na wa kumharakishia. Januari 1973, mjini Lagos, alimshinda Keino mwenyewe katika Michezo ya Afrika.

Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, Bayi aliondoka mbele tangu mwanzo. Alipofika mita 800 alikuwa amewaacha wenzake kama mita 20, na saa ilikuwa kama dakika 1 na sekunde 52. Watazamaji wengi walingoja aanguke. Katika mita za mwisho John Walker, kijana wa nchi ile ile, alimkaribia sana, huku uwanja mzima ukimpigia kelele. Bayi alifika kwa dakika 3 na sekunde 32.16, na Walker kwa 3:32.52, wote wawili waliivunja rekodi ya Ryun ya 3:33.1 iliyowekwa mwaka 1967. Jipcho alikuwa wa tatu. Tofauti ya Bayi na Walker ilikuwa kama mita mbili na nusu, pungufu ya ile kona moja ya njia ya pili.

Mwendo ule uliitwa wazimu, lakini hesabu yake yakanusha. Mita 800 za kwanza ni sekunde 56 kwa kila mzunguko; mita 700 zilizobaki ni kama sekunde 57 kwa mzunguko. Mtu aliyegawa nguvu zake kwa namna hiyo hakukurupuka. Kilichoonekana kama pupa ni ule uzembe wa waliobaki nyuma, ambao walizoea kuanza polepole.

Tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston, Bayi alikimbia maili moja kwa 3:51.0, akaivunja rekodi nyingine ya Ryun. Walker akaichukua mwezi wa Agosti. Dunia ilingoja wakutane Montreal mwaka 1976. Hawakukutana, kwani Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusa kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Walker alishinda kwa 3:39.17, zaidi ya sekunde sita nyuma ya muda wake wa Christchurch. Fainali ile yaonyesha vizuri mbio zilivyo pasipo wa kuzivuta.

Moscow, mwaka 1980, mbinu ilimgeukia mwenyewe. Katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji, Bayi alitangulia mbali, kisha Malinowski wa Poland akampata katika mzunguko wa mwisho. Alipata medali ya fedha. Juma Ikangaa naye, aliyekimbia marathoni kwa tabia hiyo hiyo, alishindwa Boston mwaka 1988 kwa sekunde moja tu, kisha akashinda New York mwaka 1989.

Rekodi ya dunia ya Christchurch ilidumu mpaka Agosti 1979, Sebastian Coe alipokimbia 3:32.03. Ile ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilikaa miaka 48. Iliondolewa Birmingham mwaka 2022 na Oliver Hoare wa Australia, aliyekimbia 3:30.12, akampita Mkenya Timothy Cheruiyot, aliyekuwa mbele, katika hatua chache za mwisho.