Hofu Hukata Uchochoroni

Januari 20, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alisimama Dodoma pamoja na Tedros Adhanom Ghebreyesus, mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), akatangaza kwamba virusi vya Marburg vimethibitika mkoani Kagera, wilaya ya Biharamulo. Siku chache kabla, wizara ya afya ilikuwa imesema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi hivyo. Machi 13 mlipuko ukatangazwa kumalizika: wagonjwa 10, wawili wamethibitishwa kwa vipimo na 8 wakidhaniwa, wote wamefariki. Virusi ni nini na popo anahusikaje, hayo yameandikwa mpaka yamechakaa, nami nayaruka. Ninachokitaka ni hesabu ya pili. Malaria, kwa makadirio ya shirika hilohilo, huua Watanzania zaidi ya 20,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya 50 kila siku ya Mungu. Kati ya tangazo la Dodoma na lile la Machi zilipita siku 52, zidisha mwenyewe. Ila hakuna anayesambaza ujumbe wa sauti usiku wa manane kuwaonya ndugu zake kwamba mbu wameingia mjini.

Jibu jepesi ni kwamba waandishi wa habari wametia chumvi. Wengine hutia, kweli. Lakini hata wasingetia hata punje, mizani ingeinama vilevile, kwa sababu akili haipimi hatari kwa kuhesabu. Mwaka 1973 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman waliwauliza watu 152 kuhusu herufi tano za Kiingereza, K ikiwemo: kila moja hutokea zaidi mwanzoni mwa neno, au katika nafasi ya tatu? Zote tano hutokea zaidi katika nafasi ya tatu, lakini watu 105 walisema nyingi kati ya hizo hutokea zaidi mwanzoni. Kwetu K haifai, maana ki- na ku- zingevuruga jaribio zima, basi chukua R. Rafiki, rangi, roho, rudi: yanakuja yenyewe. Sasa tafuta maneno ambayo R ni herufi ya tatu. Kimya kidogo. Kisha mara, bara, sura, barua, karibu, jirani, haraka, serikali, na ukishashika njia hayakatiki. Kile kimya kidogo ndicho chenye mambo. Kilichochelewa kuja, akili imeshakihesabu kuwa kichache.

Wanasaikolojia wana jina la tabia hii, na tafsiri yake ya harakaharaka ni "upatikanaji", neno lisilonikaa vizuri hata kidogo, kwani upatikanaji ni wa sukari na mafuta ya taa. "Ukumbukikaji" halina kosa la sarufi, ila linauma ulimi. Mimi napendekeza uchochoro. Mwenyeji wa Mji Mkongwe, Unguja, akienda sokoni hafuati barabara ya magari. Anakata uchochoroni, na mara nyingi anafika kabla yako. Akili nayo ikiulizwa hatari fulani ni kubwa kiasi gani, haiendi ofisi ya takwimu. Inakata uchochoroni, inajiuliza swali jingine kabisa: mfano umenijia upesi? Umekuja upesi, basi jambo ni kubwa. Na mtu hukumbuka uchochoro kwa alama zake. Ule wa Marburg una mlango wa nakshi: watu waliovaa mavazi meupe toka utosini hadi miguuni, miwani imepata ukungu, glavu zimebanwa kwa utepe wa gundi mkononi, jeneza linateremshwa na wasio ndugu. Kila taarifa ya habari ya saa mbili usiku inakupitisha mbele ya mlango huohuo, mpaka unaweza kufika macho umeyafumba. Uchochoro wa malaria uko nyuma ya nyumba yako. Mtoto ana homa, anapewa dawa ya kutuliza, mama anasubiri kupambazuke aende zahanati. Hauna mlango wala alama. Ni ukuta kama kuta nyingine, na ukiulizwa njia huwezi kumwelekeza mgeni.

Nguvu ya uchochoro huu ilionekana wazi mwaka 1991. Mwanasaikolojia Norbert Schwarz na wenzake waliwaambia baadhi ya washiriki waandike mifano 6 ya siku walizosimama kidete kutetea msimamo wao, na wengine waandike 12. Walipotakiwa kujipima, wale wa mifano 12 walijiona wanyonge kuliko wale wa 6. Ushahidi wao ulikuwa maradufu! Lakini mfano wa tisa na wa kumi uliwatoa jasho, na akili ikapima jasho, haikupima ushahidi. Ndiyo maana picha moja inayokumbukika inashinda jedwali lenye safu ishirini, na mhariri anayedhani kurasa nyingi za takwimu zitaituliza hadhira anazidi kuitoa jasho. Majaribio haya yalifanyika kwa Wamarekani na Wajerumani. Sioni kwa nini sisi tuwe na vichwa vya namna nyingine.

Kuna watakaosema hofu hii ina haki yake: malaria haiongezeki maradufu kwa wiki, ilhali Marburg ikiachwa inaweza kutambaa, na Bukoba mwaka 2023 iliwapata watu 9 ikaua 6. Hoja hiyo naikubali. Lakini hofu inayotokana na hesabu ingejua pa kwenda: kwa anayemuuguza mgonjwa, kwa tabibu asiye na glavu, kwa wanaoosha maiti. Hofu ya uchochoroni haijui anwani. Mwaka 2014 Ebola ilipokuwa Guinea, Liberia na Sierra Leone, watalii walifuta safari za Kenya na Tanzania, nchi ambazo hazikuwa na mgonjwa hata mmoja. Monrovia iko karibu zaidi na Madrid kuliko na Nairobi, na Madrid ndiko muuguzi alikoambukizwa kweli. Mlango wa nakshi uliandikwa "Afrika", basi wakapita kwingine. Kunyamaza nako si dawa. Siku zile za Januari, kati ya kukanusha na kuthibitisha, uchochoro haukufungwa. Ulibaki bila mwenyeji wa kuongoza, na uvumi ukajitolea.

Ninachowadai wahariri ni kitu kidogo na kigumu: watie alama kwenye ule ukuta mtupu. Waipe homa ya mtoto wa Biharamulo picha na sauti kama ile ya mavazi meupe, na kila wanapotaja vifo vya mlipuko waeleze marehemu walikuwa nani kwa mgonjwa, ndugu au tabibu. Ugumu wake unaonekana katika namna mlipuko unavyomalizika. Kwa kanuni ya WHO, huhesabiwa siku 42, mara mbili ya siku 21 ambazo virusi vinaweza kujificha mwilini, bila mgonjwa mpya. Siku 42 za jambo kutotokea: kitanda kimetandikwa, hakuna aliyelala, na mpiga picha amesharudi Dar es Salaam.