Kupima Taya la Juu Wakati wa Upasuaji

Wako watu ambao wakiuma, meno yao ya juu na ya chini hayakutani. Wengine meno ya mbele huacha uwazi, hata kukata kipande cha muwa hawawezi. Wengine taya la juu limebaki nyuma, na meno ya chini yametangulia mbele. Wengine taya la juu ni refu mno, hata midomo haifungiki bila kulazimishwa, na wakicheka ufizi wote huonekana. Baadhi yao walizaliwa na mdomo au kaakaa lililopasuka, wakashonwa utotoni. Kwao taya la juu mara nyingi hukua kidogo kuliko la chini. Hii si laana, wala si kosa la mama.

Mtu wa namna hiyo akishamaliza kukua anaweza kurekebishwa kwa upasuaji. Daktari bingwa hukata mfupa wa taya la juu, juu ya mizizi ya meno, kisha hulisogeza taya pamoja na meno yake na kulifunga mahali papya kwa mabamba madogo na skrubu za titani. Mkato hupitia ndani ya mdomo, kwa hiyo usoni hakubaki kovu. Mkato huu huitwa Le Fort ya kwanza. Jina hilo ni la daktari Mfaransa, René Le Fort, ambaye mwaka 1901 alieleza mistari ambayo mifupa ya uso huvunjikia inapopigwa.

Sasa tujiulize: taya likishakatwa halishikwi tena na mfupa, hushikwa na nyama tu. Daktari atajuaje pa kuliweka? Mgonjwa amelala kwa nusu kaputi, mpira wa hewa umepita puani, na uso umeanza kuvimba. Kukisia kwa macho hakufai. Kwa kawaida mtu akilegeza midomo, meno ya mbele ya juu huonekana kwa milimita 2 hadi 4 hivi. Taya likipandishwa milimita 3 kupita kiasi, meno hufichika na mtu huonekana kama kibogoyo. Likiachwa chini mno, ufizi huendelea kuonekana kama zamani.

Kwa sababu hiyo kipimo cha kwanza huchukuliwa siku nyingi kabla, mgonjwa akiwa macho na ameketi wima. Daktari hupima meno yanavyoonekana, hutazama kama katikati ya meno ni sawa na katikati ya uso, na kama taya limeinama upande mmoja. Hupiga picha za mifupa, kisha huamua: kwa mfano, taya lipande milimita 4.

Siku ya upasuaji daktari hutumia kipande cha plastiki chenye alama za meno ya mgonjwa. Hukiweka kati ya meno ya juu na ya chini, akayafunga mataya mawili pamoja. Plastiki hiyo huonyesha taya la juu liende mbele au nyuma, kulia au kushoto, kiasi gani. Lakini haionyeshi kimo. Taya la chini hufunguka na kufungika kama mlango kwenye bawaba, kwa hiyo mataya yote mawili yaliyofungwa pamoja yanaweza kupanda au kushuka. Kimo lazima kipimwe kutoka mahali pengine.

Njia moja ni kuchora alama kwenye mfupa, juu na chini ya mkato, na kupima kati yake. Tatizo ni kwamba alama hizo ziko karibu na mfupa unaokatwa, na taya likisogea mbele, mstari kati yake hulala upande.

Njia ya pili ni kuweka pini au skrubu ndogo kwenye mfupa wa mzizi wa pua, katikati ya macho. Mfupa huo haukatwi, hivyo hausogei. Kabla ya kukata, daktari hupima kutoka pini hadi ncha ya jino la mbele. Tuseme ni milimita 80. Ikiwa taya linapanda tu kwa milimita 4, baadaye kipimo lazima kisome 76. Ikiwa linakwenda mbele pia, hesabu hufanywa mapema. Fundi mwashi hufanya vivyo hivyo: hapimi ukuta kutoka tofali aliloliweka sasa hivi, hupima kutoka kigingi kisichotikisika. Tangu miaka ya 1980, watafiti wengi waliolinganisha njia hizi wameona kuwa pini hutoa kimo kwa usahihi zaidi.

Hata hivyo pini peke yake haitoshi. Kichwa cha taya la chini lazima kikae vizuri katika kishimo chake mbele ya sikio. Kikisukumwa vibaya, vipimo vitaonekana sawa mezani, lakini mgonjwa akiamka taya litarudi mahali pake na meno yataachana.

Siku hizi hospitali nyingine hupanga kazi yote kwa kompyuta na kutengeneza mabamba ya mgonjwa huyo mmoja, yenye matundu yanayoonyesha pa kulifunga taya. Nyingine bado hutumia pini.

Je, wewe msomaji ufanye nini?

Kwanza, ukipimwa, keti wima na ulegeze midomo. Watu wengi wenye kasoro hii wamezoea kuficha meno kwa haya. Ukimficha daktari, kipimo kitakuwa cha uongo, na hakuna pini itakayokisahihisha.

Pili, mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka apelekwe hospitali mapema. Upasuaji wa taya husubiri ukuaji umalizike, na mara nyingi meno hufungwa nyaya kwanza kwa miezi mingi.

Tatu, muulize daktari taya litasogea milimita ngapi na atapimaje. Uliza pia juu ya ganzi ya mdomo na mashavu baada ya upasuaji, na majuma ya kula uji, supu na vyakula laini.

Nne, aliyeanguka na pikipiki akaona meno hayakutani kama zamani aende hospitali siku hiyo hiyo. Mfupa ukiungana vibaya, itabidi ukatwe upya.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Kwa nini plastiki kati ya meno haitoshi kupima kimo cha taya?
2. Kwa nini pini huwekwa kwenye mzizi wa pua?
3. Je, kijijini kwenu yuko kijana anayejificha kwa sababu ya taya lake? Mtamsaidiaje afike hospitali?