Kwa Nini Vidole Hutetemeka Mbele ya Watu?

Mwanafunzi wa Kasulu au Kibondo apigaye kinanda kwa mara ya kwanza mbele ya hadhira aghalabu huona vidole vyake vimepoa na vinatetemeka, ingawa ukumbi una joto. Huo si ugonjwa, wala si baridi ya nyanda za juu za Kigoma. Ubongo huyahesabu macho mengi ya watu kuwa ni hatari. Neva hupeleka habari kwenye tezi zilizo juu ya figo, nazo humimina katika damu homoni iitwayo adrenalini. Moyo hupiga mbio, mate hukauka, na mishipa midogo ya vidoleni husinyaa, damu ikielekezwa kwenye misuli mikubwa. Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, aliyaeleza mabadiliko ya namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1915.

Je, hadhira ni adui? Mwaka 1965 mwanasaikolojia Robert Zajonc alieleza kwamba kuwapo kwa watu huelekea kuimarisha tendo lililozoeleka, na kuliharibu lile ambalo bado ni geni. Kwa hiyo wimbo uliojulikana nusunusu huvurugika jukwaani, bali ule uliorudiwa hata vidole vikauzoea huweza kusimama imara. Yafaa basi mwalimu amwandae mwanafunzi hatua kwa hatua: kwanza apige mbele ya wenzake watatu, kisha mbele ya darasa, ndipo mbele ya wazazi. Huenda vidole vikatetemeka bado, lakini vitakuwa vinaijua njia.