Kompyuta iliyotumika: Piga hesabu kabla ya kulipa

MWENYE duka la pembejeo anayetaka kuhamishia daftari la madeni kwenye kompyuta ya mpakato hukutana na swali moja: anunue mpya, au iliyotumika na kukarabatiwa?

Bei ya dukani pekee haimjibu. Tuseme iliyotumika inauzwa sh. 450,000 na betri yake mpya ni sh. 80,000, jumla sh. 530,000. Ikidumu miaka mitatu, inamgharimu takriban sh. 177,000 kwa mwaka. Mpya ya sh. 1,200,000 ikidumu miaka sita, ni sh. 200,000 kwa mwaka. Lakini ile iliyotumika ikifa baada ya miaka miwili, gharama inafika sh. 265,000 kwa mwaka. Ya bei nafuu imegeuka ghali.

Kwa hiyo mnunuzi achunguze miaka iliyobaki. Kwanza, umri: Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikidhi masharti ya Windows 11. Pili, betri: achomoe waya wa umeme, aitumie nusu saa, aone chaji inavyoshuka. Tatu, adai risiti yenye namba ya mashine na dhamana ya maandishi.

Kama kazi yenyewe ni kupokea malipo na kuulizia bei za mazao, simu aliyonayo inatosha. Fedha hiyo inunue mbegu kabla ya mvua.